Mkono Kwenye Ekwalaiza

Aliudaka mkono ukiwa bado kwenye ekwalaiza, kile kifaa cha kupangia sauti za muziki wa gari.

"Nilijua tu," kaka mtu alisema. "Nilijua ni wewe, nyoka wewe."

Mdogo wake hakuuvuta mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari la mwalimu mmoja, mteja wao wa siku hiyo, kidole kikiwa juu ya kijiti cha mwisho kulia, kile cha sauti nyembamba. Kaka mtu alikuwa amekipandisha mwenyewe kabla ya kwenda kunawa. Sasa kilikuwa kimeshushwa hadi katikati.

Halikuwa gari la kwanza. Kwa wiki kadhaa kaka mtu alihisi kuna mkono unaopita nyuma yake. Anapanga muziki wa gari mpaka roho yake inaridhika, akigeuka kidogo tu, gari linaondoka na sauti iliyofifia, kama redio imefunikwa blanketi. Na kibanda chake cha kufunga muziki kwenye magari kilijulikana mji mzima kwa ajili ya masikio yake. Mashine ya kupimia sauti hakuwahi kuinunua, na aliyethubutu kumshauri aliambulia matusi. Jina hilo likichafuka, hakuwa na kingine cha kumweka mjini.

"Unaniharibia kazi ili waseme nimezeeka, sivyo? Ubaki na kibanda."

Mdogo wake alijibu kitu, macho chini.

"Sema kiume. Siku hizi kila mtu hapa anamung'unya maneno."

"Nimesema, kuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika? Hata mmoja, kaka?"

"Usinijibu swali kwa swali. Nimekufundisha kazi hujui hata kushika bisibisi, leo unanichimba. Kusanya vyako. Na nikikuona tena hapa, hivyo vidole nitavivunja."

Mdogo wake alikitazama kile kijiti.

"Hili la mwalimu niachie nilimalizie, kaka. Halafu nitaondoka."

"Toka."

Akatoka. Alibeba begi lake, akampita mwalimu aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja, hata kuaga hakuaga. Kaka mtu hakumwonea huruma hata chembe. Kwa kweli alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Aliingia garini, akaufungua wimbo wake wa kupimia, akakirudisha kile kijiti pale alipokuwa amekiacha. Akatega sikio. Bado. Mshenzi yule atakuwa amevigusa na vingine. Akakipandisha cha jirani yake, akaongeza sauti yote kidogo, kisha kile cha mwisho akakisukuma juu hadi kikagota.

"Mwalimu," aliita, "njoo usikie kazi ya mwenye kazi."

Mwalimu alifika mlangoni, akaruka nyuma, viganja masikioni, uso umekunjamana. Alikuwa akisema kitu, lakini hakikueleweka. Ng'ambo ya barabara, muuza viatu alisimama, naye akaziba masikio.

Kaka mtu aliwatazama kwa mshangao. Kwake yeye, matoazi ya wimbo ule ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kusikika.