Mlango Uliorudishwa

Arobaini ya mumewe ilipokwisha, Mwanakheri aliuuza mlango wa chumba chao. Juma halikwisha, mnunuzi akaurudisha na fremu yake, akauegemeza ukutani.

"Bibi, mauzo nayavunja. Kila adhuhuri unagongwa, nikifungua hakuna mtu. Kasoro hii ulinificha."

"Uliukagua, ukatia sahihi kwamba haurudi. Leo unaniletea majini?"

"Basi ngoja usikie mwenyewe."

Adhuhuri ikaingia. Mlango ukagongwa: mara mbili upesi, kisha mara moja polepole, kama alivyogonga marehemu kila aliporudi kula.

Mwanakheri akauchana mkataba, akamrudishia mtu pesa zake zote.

Alipobaki peke yake, mlango ukagongwa tena. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Akajitanda mtandio vizuri, akashika kitasa.