Sauti ya Dukani

Sheria ilikuwa hiyo kwa wote: sauti ya mtu haikai mahali pawili. Ukishaisajili dukani, ni marufuku kusikika nyumbani. Salha aliijua vizuri. Lakini alipokuwa akipanga tovuti ya duka lake la viungo, akili yake yote ilikuwa kwa wateja. Kurasa zifunguke upesi, maandishi yasomeke hata na wazee, kulipa kusimsumbue mtu. Ilibaki sauti ya kuwapokea.

"Chukua yangu," alisema mama yake, Bi Raya, huku akichambua iliki. "Mimi nimeshaongea vya kutosha, mwanangu. Duka lisilo na wa kukukaribisha ni kama nyumba isiyo na wenyewe."

Salha akakubali. Tena haraka, bila hata kumsihi afikirie tena.

Duka likachangamka. Wateja wakasifu: yule mama wa tovuti anakusalimu mpaka unasahau ulichofuata! Nyumbani, Bi Raya akawa mtu wa kutikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Kila asubuhi Salha alimwamkia, na mama akamshika mkono, akatabasamu, basi.

Leo uvumilivu ulimwishia. Aliketi jikoni, akafungua tovuti yake mwenyewe kama mteja yeyote.

"Shikamoo, mama," akaiambia simu.

"Marahaba, mteja wetu," sauti ikaitika, laini kama zamani. "Karibu sana. Nikufungie nini leo?"

Kando yake, Bi Raya alifungua mdomo, akaufumba, akarudia iliki zake.