Simu ya Kuacha Kazi

Kufika saa tatu asubuhi, Fumie alikuwa ameshaacha kazi mara nne. Benki moja, hoteli moja, viwanda viwili. Hakuna hata moja iliyokuwa kazi yake. Hapo Tokyo, aliyechoka kufokewa lakini akaogopa kumwambia bosi kwa kinywa chake, aliilipa ofisi ya kina Fumie impigie bosi simu na kumwachia kazi.

Simu ya tano ilikuwa ya Kanae Oribe, miaka ishirini na sita, wa kampuni ya bima. Jana yake alikuja ofisini akakaa mbele ya Fumie. Kila Jumatatu, alisema, mkuu wa idara humsimamisha mbele ya wenzake na kumsomea makosa yake kwa sauti. Miaka mitatu sasa. Fumie alimwonea uchungu, maana naye alikimbia ofisi ya namna hiyohiyo.

Akapiga. Mkuu wa idara akapokea, akataja cheo chake tu.

"Napiga kwa niaba ya Bi Oribe. Kuanzia leo ameacha kazi. Barua itawafikia kwa posta."

"Kanae?"

Japani, mkuu hamwiti mfanyakazi kwa jina la kwanza. Fumie akaona ni dharau, akakaza sauti.

"Bi Oribe, ndiyo."

"Mwambie aje aniambie mwenyewe."

"Hataki kuongea nawe, bwana mkuu."

"Sikiliza, bibie. Wewe umemjua lini? Jana? Mimi ndiye niliyemwingiza hapa! Nimembana kuliko wote, sikatai. Nilitaka asimame kwa miguu yake, asije mtu akasema anabebwa." Akavuta pumzi. "Na hakuna anayemfikia kwa kazi. Hakuna."

"Uliwahi kumwambia?"

Fumie alijua amevuka mpaka, lakini damu ilikuwa imemchemka. Wote husema hivyo. Bosi wake wa zamani naye aliapa kwamba kila tusi lilikuwa la kumjenga, na Fumie akajengwa mpaka akawa hawezi kupanda lifti bila kutapika.

"Anakula lakini?" mkuu akauliza. "Asubuhi huwa hatii kitu mdomoni."

Leo ndiyo anajali, mnafiki mkubwa. "Sina ruhusa ya kujibu hilo."

Akamsomea masharti. Kitambulisho na kompyuta vitarudishwa kwa kifurushi. Asipigiwe simu, asiandikiwe ujumbe, asiviziwe kwenye kituo cha treni. Upande wa pili ilisikika kalamu ikiandika, polepole, kila neno.

Likabaki sharti la mwisho, lililochapwa kwenye kila fomu ya ofisi yao kwa sababu mabosi wengine hukimbilia kwa wazee wa mtu. Fumie alilisoma kwa furaha kidogo.

"Na asitafutwe kupitia wazazi wake."

Kalamu ikanyamaza. Fumie akasubiri matusi. Aliyazoea, hata alishaisogeza simu mbali na sikio. Hayakuja. Sauti iliporudi ilikuwa ya mzee tu, imechoka, haina ukubwa wowote.

"Mama yake ataniuliza jioni kama binti yetu anakuja kula Jumapili," alisema. "Nimwambie nini?"