Dakika Kumi za Nzilani

Osewe alipopita nyuma ya mteja wa kompyuta namba nne, katika saiba yake ya Kibera, aliona kwenye skrini jina la Nzilani, muuza maji wa Mashimoni. Lilikuwa kwenye orodha ya nyumba za kuchomwa, tayari kutumwa kwa simu mia moja kupitia tovuti.

Alirudi kaunta akamwandikia Nzilani kwa simu: Toka na watoto sasa hivi.

Nzilani akajibu: Nipe dakika kumi.

Mtambo wa saiba, uliopokea maombi ya kompyuta zote ya kutuma na kufungua vitu mtandaoni na kuyagawa kwenye laini mbili za intaneti, ulitii amri alizouandikia mwenyewe. Akaongeza mistari mitatu: maombi ya namba nne yacheleweshwe, mara sekunde tano, mara hamsini, bila mpangilio, ionekane ni mtandao mbovu. Akabonyeza.

“Omera, hii kitu yako imelala?” akauliza mteja wa namba nne.

“Laini imejaa, bro. Nchi nzima inatafuta habari za fujo.”

Yule mtu akacheka. Dakika ya sita, hakucheka tena.

Kwenye kompyuta namba tano, msichana alifungua picha. Ikatokea papo hapo. Akafungua nyingine.

Yule mtu akaitazama skrini ya msichana, kisha yake, kisha akamkazia Osewe macho.

“Siste,” akasema, akiinuka, “hebu nipishe hapo.”