Neno la Teleri

"Soma tena," alisema Fiachra, mtaalamu mwenzake wa lugha, kwenye simu kutoka Dublin. "Polepole, dada."

Teleri aliinama juu ya kibao cha madini ya risasi kwenye meza ya makumbusho, akasoma herufi moja moja. Neno lilikuwepo, limekwaruzwa kwa ncha ya chuma. *Duxterom*. "Wa mabinti", kwa Kiselti cha kale, lugha iliyozaa Kiwelisi na Kiairishi.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akiliunda upya neno hilo kutokana na mabaki yake katika lugha za leo. Wawelisi wenzake walishalisahau. Waairishi walibaki na masalia yake ndani ya majina ya wanawake tu. Yeye alishikilia kwamba lilisemwa Wales pia, akaandika kitabu kizima juu ya jinsi mwisho wake ulivyobadilika: binti, mabinti, wa mabinti. Fiachra alimcheka kuliko wote. "Neno la Teleri," aliwaambia watu mikutanoni, "lina msemaji mmoja."

Kisha Heddwyn, mumewe, akichimbia nguzo za ua wa kondoo, akaokota kibao.

"Basi, nimenyoosha mikono," alisema Fiachra. "Ila hiyo *e* ya katikati inanishangaza. Kitabuni mwako haimo; uliandika *duxtrom*."

"Haimo," Teleri aliitikia.

"Ndiyo raha yenyewe! Tapeli angenakili kitabu chako herufi kwa herufi. Hongera, bingwa. Umenishinda."

Teleri akakata simu. Kibao kilishapigwa picha, kikaandikishwa, na watu wa televisheni wangefika kwake saa tisa. Amwambie nani, na aanzie wapi?

Aliendesha gari hadi nyumbani huku mvua ikinyesha, akaingia jikoni bila kuvua koti. Kando ya jokofu lilining'inia jedwali la miisho ya neno hilo, aliloliandika kwa mkono kabla ya kitabu, siku aliyokuwa na homa. Kosa la ile *e* aliliona baadaye, akalisahihisha kwenye muswada. Karatasi akaiacha ukutani. *Duxterom*. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuliandika hivyo.

Alisikia hatua nyuma yake. Heddwyn alikuwa amevaa shati jipya, nywele kazilaza kwa maji, mkononi sahani ya mkate wa zabibu wa kuwakaribisha wageni. Alimtazama mkewe, akaitazama karatasi. Tabasamu likamkauka.

"Teleri, mpenzi wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni herufi gani niliyokosea?"