Tisa Hawatoshi

"Hivi kuhesabu watu tisa kunachukua dakika ishirini?" Giada, mmoja wa wanafunzi, alinong'ona, lakini kwa ule mnong'ono wa kutaka asikike.

Bi Pierina, katibu muhtasi wa Idara ya Kiitaliano, alisikia. Alibaki pale mlangoni na kalamu yake, akimtazama Profesa Nives Cattaruzza akiwasomea wanafunzi barua za mwanamke mmoja wa kiwanda cha hariri, aliyeandika kwa kujificha miaka mia mbili iliyopita. Barua ilipokwisha ndipo akaandika idadi kwenye karatasi yake, akaondoka.

"Mbea wa bosi huyo," Giada akasema. "Anazoa maneno akapeleke."

Na nani angemlaumu Giada? Wiki mbili mfululizo mama huyo alikuja kila kipindi. Aliyemtuma ni mkuu wa idara, Profesa Ettore Malinverni. Kanuni ya chuo ilikuwa fupi: darasa lisilofikisha wanafunzi kumi mpaka Ijumaa ya pili ya muhula, saa sita mchana, linafutwa. Na darasa hili la waandishi wanawake likifutwa mwaka huu, halirudi tena. Malinverni alishatangaza hivyo kikaoni, huku anakoroga kahawa.

"Nives, dada yangu, mbona unahangaika? Wanawake wana wiki yao kwenye somo langu. Wiki ya tisa."

"Ambayo kila mwaka unaifuta kwa sababu ya theluji."

"Hii ni Toronto. Theluji siagizi mimi."

Walimu wengine wakacheka. Nives hakucheka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akivuka bahari kwenda Italia kufukua maandishi ya wanawake hao kwenye stoo za makanisa na darini kwa watu, anarudi na masanduku ya nakala mpaka mkono unavimba. Leo anaambiwa wiki moja inatosha. Lakini kulia mbele ya Malinverni? Thubutu!

Mpaka Jumatano ya wiki hiyo walikuwa kumi. Kisha mmoja wao, Meredith, akapata kazi ya asubuhi hospitalini, akajitoa huku machozi yanamtoka. Alhamisi, baada ya Bi Pierina kuwahesabu tisa, ikawa siku ya kukimbizana. Wafanyakazi wa chuo huruhusiwa kusoma somo moja bure, kwa hiyo Giada akaenda kantini kumbembeleza mpishi.

"Mwanangu," mpishi akamwambia, "saa hiyo mimi nikiwa darasani, hivyo vitunguu vitajigeuza vyenyewe?"

Akarudi mikono mitupu. Mwenzake darasani akatoa wazo la kuandika jina la binamu yake anayeishi Calgary, ambaye hajawahi hata kuikanyaga Toronto.

"Hapana," Nives akasema. "Hawa wanawake walifutwa kwa uongo. Siwarudishi kwa uongo. Kesho tunasoma kama kawaida. Akitaka kutufuta, aje atukute na vitabu mkononi."

Ijumaa, saa sita kasorobo, mlango ukafunguliwa bila hodi. Malinverni kaja mwenyewe safari hii, Bi Pierina nyuma yake na jalada kifuani. Nives hakunyamaza. Alizidi kupaza sauti, akasoma ukurasa mzima, na mkuu wa idara akalazimika kusimama kama mgeni asiyekaribishwa.

Alipochoka kusubiri akanyoosha kidole, akahesabu vichwa kwa sauti.

"Tisa. Poleni sana. Nives, funga kitabu."

"Njoo ukifunge wewe."

Malinverni hakusogea. Giada akasimama. "Ukitutoa humu tutasomea kwenye ngazi, mlangoni pa ofisi yako. Kila Ijumaa!"

"Someni hata chooni, binti. Mradi chuo hakitambui." Akamgeukia katibu wake. "Bi Pierina, soma orodha tumalize. Nina miadi ya chakula cha mchana."

"Orodha ina majina kumi, Profesa."

Malinverni akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kumi? Nani kaingiza jina? Jina haliingii bila sahihi yangu!"

"Sahihi yako ipo. Jana nilikuletea fomu, ukasaini. Ulikuwa unaongea na simu."

Hilo hakuna aliyelishangaa. Idara nzima ilijua kwamba Malinverni hasomi chochote anachowekewa na katibu wake. Angeweza kusaini hata hati ya kujifukuza kazi. Lakini Nives alimtazama Giada kwa jicho kali: umeandika yule wa Calgary? Giada akatikisa kichwa, haki ya Mungu.

"Sawa," Malinverni akasema, shingo imemwiva. "Basi huyo wa kumi yuko wapi? Saa sita ikigonga hayumo humu ndani, hahesabiwi. Kanuni ni kanuni. Ita!"

"Naita, Profesa."

Bi Pierina akavaa miwani, akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, wala hana haraka. Wanafunzi wakaitika. Giada alikuwa wa tisa. Dakika zilikuwa zimebaki mbili. Malinverni alitazama mlango, hakuna aliyeingia. Akatabasamu.

Bi Pierina akampita bosi wake, akavua koti, akavuta kiti kilichokuwa wazi kando ya dirisha, akakaa. Akafunua ukurasa wa mwisho wa orodha.

"Pierina Scaramuzza," akaita, kisha akainua mkono. "Nipo."