Buu Aliyekataa Karoti

Palikuwa na beseni la pumba lililojaa mabuu, na kando yake kisanduku cha kioo alimoishi Buibui wa manyoya. Kila Ijumaa kibano kilishuka, kikamnyakua buu mnono kuliko wote akawe chakula cha Buibui.

Buu Kimbaumbau aliacha kula kwa hofu.

"Onja karoti, mwanangu," mama yake, Mbawakawa, alimsihi. "Ukikua utaota mbawa kama mimi. Sisi tunaotaga hatuguswi."

"Mama, kabla ya mbawa kuna unene, na kibano kinatafuta unene."

Ndugu zake walikula huku wakitetemeka. Wengi wao wakaota mbawa.

Ijumaa moja kibano kikawapita wanono, kikasimama juu ya Kimbaumbau. Buibui alikuwa ametotoa, na vinywa vya watoto wake vilikuwa vidogo mno kwa buu mnono.